Kidokezo Kiwe na Kitenzi: Kuwajulisha Wanafunzi wa Shule ya Msingi Wanawake wa Historia kwa Mafumbo

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi mkoani Tanga, na darasa langu lina wanafunzi 68. Mwezi uliopita nilipofundisha habari za wanawake waliotajika katika historia, niliwachorea ubaoni mraba wa herufi wenye majina kumi yaliyofichwa, wakiwemo Bibi Titi Mohamed, Siti binti Saad na Wangari Maathai. Waliufurahia sana na wakayapata majina yote kabla ya kipindi kwisha. Siku iliyofuata nikawauliza Siti binti Saad alikuwa nani, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Je, mafumbo yanafaa kweli kufundishia, au nimepoteza muda wa watoto? Na nifanye nini na wavulana wanaosema kwamba hili ni somo la wasichana?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa swali hili, na zaidi nakushukuru kwa kueleza bila kuficha kilichotokea siku ya pili, kwa sababu jibu limo humo humo. Mafumbo yanafaa, na kwa maoni yangu yanafaa kuliko orodha ya tarehe tunayowakaririsha watoto. Hata hivyo, si kila fumbo linalomhusu mtu humfundisha mtoto habari za mtu huyo. Mtoto anayetafuta herufi S, I, T na I katika mraba hana haja ya kumjua Siti, bali anahitaji macho makali tu. Kama ungeficha humo jina la mbuga au la samaki, angelipata kwa wepesi uleule. Kwa hiyo darasa lako halikusahau siku ya pili. Halikuwa limejifunza kitu cha kusahau.

Mimi hupima kila fumbo kwa swali moja kabla ya kulipeleka darasani: je, mtoto asiyejua lolote kuhusu mwanamke huyu anaweza kulitatua? Akiweza, fumbo hilo huenda likamsaidia katika tahajia au katika utulivu wa kuketi na kutafuta, lakini halimfundishi historia. Fumbo lina sehemu mbili, jibu na kidokezo, nasi walimu mara nyingi hutumia nguvu zetu zote kuficha jibu, yaani jina, huku maisha ya mtu yakibaki nje ya mchezo. Jina si kitu kikubwa cha kujua. Yale aliyoyafanya mwenye jina ndiyo tunayotaka mtoto aondoke nayo, na mahali pake pekee ni katika kidokezo.

Tumchukue Siti mwenyewe. Kidokezo kinachosema "mwimbaji maarufu wa Zanzibar, herufi nne" kinampa mtoto lebo, na lebo hubanduka. Sasa linganisha na hiki: "Nilitoka kijiji cha Fumba nikiuza vyungu mjini, mwaka 1928 nilivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, na sauti yangu ikarudi nyumbani kwenye santuri." Hapa mtoto ana kijiji, ana kazi ya mikono, ana safari, ana mwaka, na ana picha ya ajabu ya sauti inayorudi kwenye santuri. Hata asipolipata jina siku hiyo, amekwisha kumjua mwanamke. Jina atalipata baadaye na atakuwa na mahali pa kulitundika.

Ndiyo maana mraba wako wa herufi usiutupe, kwani unaweza kuokolewa kwa badiliko moja. Futa orodha ya majina uliyoiandika chini yake, na badala yake andika vidokezo. Mtoto atalazimika kwanza kufikiri ni nani anayezungumziwa, kisha ndipo amtafute ndani ya mraba. Katika mraba huohuo una hazina ambayo pengine hukuiona: TITI na SITI yanatofautiana kwa herufi moja tu. Waulize watoto kitu kingine wanachofanana wanawake hawa zaidi ya majina yao. Wote wawili walikuwa waimbaji. Kabla ya kujiunga na TANU mwaka 1955 na kuongoza wanawake wake, Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, jijini Dar es Salaam, na vikundi kama hivyo vilikuwa miongoni mwa njia alizozitumia kuwafikia wanawake na kuwaandikisha kwa maelfu. Mtoto atakayegundua kwamba sauti iliyozoea kuongoza ngoma ndiyo iliyopanda jukwaani kudai uhuru atakuwa amepata jambo ambalo mraba peke yake usingempa.

Darasa la watoto 68 lenye ubao mmoja ningelianzisha kwa kitendawili, kwa sababu hakihitaji karatasi wala mashine ya kuchapia na kila mtoto amekwisha kukijua nyumbani. "Kitendawili!" "Tega!" Halafu unatega: "Nimezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, lakini watu huniita kwa jina la mji wa China." Watoto watakisia mengi, na ukisiaji huo uuache uendelee. Anayezungumzwa ni Gertrude Mongella, ambaye wengi humwita Mama Beijing, kwa kuwa alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika katika mji huo mwaka 1995. Tega kingine: "Niliupa mji jina la ua jipya, na leo Umoja wa Afrika una makao yake humo." Huyu ni Taytu Betul wa Ethiopia, na mji ni Addis Ababa, uliopewa jina hilo mwaka 1886. Kingine tena: "Niliipa elementi jina la nchi yangu wakati nchi hiyo haikuwamo kwenye ramani." Marie Curie na mumewe waliiita elementi waliyoigundua mwaka 1898 poloniamu, kwa heshima ya Poland, ambayo wakati ule ilikuwa imegawanywa na madola jirani. Yeye ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 katika fizikia na mwaka 1911 katika kemia.

Sasa ninakuomba uzingatie kanuni moja ya vitendawili ambayo shuleni tunaipuuza. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji huomba apewe mji. Nao humpa: chukua Mombasa, chukua Tabora, naye huupokea, hujisifu kidogo kwa mambo aliyoyakuta huko, kisha hutoa jibu. Mimi hupendekeza kanuni hii igeuzwe kuwa moyo wa mchezo. Darasa likishindwa, halitoi mji wowote tu, bali linajaribu kukisia mji ambao mwanamke huyo aliwahi kuufikia. Wewe mwalimu unakuwa umeandika daftarini miji ya maisha yake na lililotokea katika kila mmoja. Kwa Wangari Maathai utakuwa na Nyeri, Nairobi, Pittsburgh na Oslo. Mtoto akisema "chukua Oslo", unamjibu, "Nimefika Oslo, nimekuta baridi ya Desemba mwaka 2004, nikakabidhiwa tuzo kwa sababu ya miti niliyoipanda kwetu." Akisema "chukua Mbeya", unamjibu kwamba umefika Mbeya lakini hukukuta nyayo zako. Kila mji wa kweli unaleta kidokezo kipya, na kila mji usio wa kweli unapunguza nafasi za kukisia, nazo zisizidi tano. Darasa linalocheza hivi huigeukia ramani ya ukutani bila kuambiwa, na jiografia huingia katika historia bila wewe kutangaza kwamba imeingia.

Yupo mwanamke mmoja ambaye kwake fumbo si njia ya kufundishia tu, kwa maana yeye mwenyewe alitega fumbo na likabaki katika kumbukumbu za watu wake. Huyu ni Mekatilili wa Menza, Mgiriama wa pwani ya Kenya. Wagiriama husimulia kwamba mwaka 1913, ofisa wa Kiingereza alipokuja kwenye mkutano kutaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi za vibarua, Mekatilili alijitokeza na kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa achukue kifaranga kimoja. Ofisa aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa.

Ukifika hapo, nyamaza. Usieleze. Waulize watoto: mama huyu alikuwa anasema nini bila kukitamka? Wape dakika tatu wazungumze na jirani zao. Utapata majibu mengi, na baadhi yake yatakuwa mazuri kuliko uliyoyatarajia, kwani hakuna mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kudonolewa na kuku anayelea. Baada ya hapo ndipo ueleze kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai kodi ya vibanda na nguvu kazi ya vijana, na kwamba Mekatilili alizunguka akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida ilichezwa katika mambo ya msiba. Vijana ndio vifaranga, na Wagiriama ndio kuku. Mwambie mtoto waziwazi kwamba kisa cha kuku kimetufikia kwa masimulizi, wakati kukamatwa kwake kumo katika kumbukumbu za serikali. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kabisa kuelewa tofauti hiyo, na ni vyema aanze kuizoea mapema.

Kwa sehemu ya pili ya maisha ya Mekatilili, tumia fumbo la kupanga matukio. Andika sentensi sita kwenye vipande vya karatasi ya manila: aliwakusanya watu kwa ngoma, alikamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii, alitoroka, alitembea kwa miguu kurudi pwani, alikamatwa tena, aliruhusiwa kurudi kwao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kosa la kawaida ni kuandika miaka kwenye vipande hivyo, maana mtoto atapanga tarakimu na hatasoma chochote. Acha miaka nje, na badala yake ndani ya kila sentensi weka neno linaloishika sentensi nyingine, kwa mfano "Safari ya kurudi ilikuwa ya mamia ya kilomita, kwa kuwa Kisii iko magharibi kabisa mwa nchi", au "Walipomkamata mara hii ya pili hakuwa tena mgeni wa kifungo". Mtoto atalazimika kujiuliza: mara ya pili? Basi ya kwanza iko wapi? Wakimaliza kupanga ndipo unapowapa miaka, yaani 1913 alipokamatwa na kuhamishwa, 1914 alipotoroka na kukamatwa tena, na 1919 aliporejea, ili wabandike kila mwaka mahali pake.

Fumbo la maneno yanayokatana, kama yale ya kwenye magazeti, ni zuri sana kwa Kiswahili kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, hivyo kuyakatanisha ni kazi nyepesi. Lakini amua mapema jambo moja kuhusu herufi zinazoandikwa kwa alama mbili, kama ch, sh, ny na dh. Katika alfabeti tunamfundisha mtoto kwamba "ch" ni sauti moja, halafu kwenye fumbo tunampa visanduku viwili. Mtoto makini atakwama, na kosa litakuwa letu. Watangazie kabla ya kuanza kwamba kila alama inayoandikwa ina kisanduku chake, na kwamba kitone cha juu katika ng' hakina kisanduku. Ni jambo dogo, lakini nimeona kipindi kizima kikipotea kwa ajili yake.

Ikiwa kuchora visanduku vinavyokatana ubaoni kunakuchosha, tumia fumbo la safu, ambalo herufi za kwanza za majibu zikisomwa kutoka juu kwenda chini hutoa neno jipya. Nitakupa mfano mmoja ulio tayari, wa Wangari Maathai. Kwanza wasomee, au waandikie ubaoni, habari zake fupi za mistari kama kumi, kisha zifute. Halafu wape vidokezo vitano. Cha kwanza, ni kitu ambacho maji ya mvua huondoka nacho pale ambapo miti imekatwa, herufi tano: ARDHI. Cha pili, ni vitu ambavyo wanawake wa vikundi vyake, kuanzia mwaka 1977, waliviotesha katika vitalu, herufi tano: MICHE. Cha tatu, ni bara ambalo yeye alikuwa mwanamke wake wa kwanza kupewa tuzo ile kubwa, herufi sita: AFRIKA. Cha nne, ni mji mkuu wa eneo la milimani alikotoka, herufi tano: NYERI. Cha tano, ni kijiji alichozaliwa mwaka 1940, herufi sita: IHITHE. Herufi za kwanza zikisomwa kwenda chini, zinatoa AMANI, na hilo ndilo jina la tuzo aliyopewa.

Nakusihi usiishie hapo, kwa sababu neno hilo la safu ndilo linalofungua fumbo lililo kubwa kuliko yote: kwa nini mtu aliyepanda miti alipewa tuzo ya amani? Kwa nini si tuzo ya kilimo? Hili halina kisanduku. Waache wabishane. Mtoto wa mfugaji atakwambia kuhusu ugomvi wa malisho, mwingine atasema kuhusu foleni ya maji kisimani au umbali wa kuni, na taratibu watafika wenyewe mahali ambapo Kamati ya Nobel ilifika, kwamba ardhi iliyochakaa huzaa ugomvi. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kuishia katika swali hilo moja na kisiwe kimepotea hata dakika.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi. Fumbo la kupanga vipande vya picha hupendwa sana na watoto, na linatengenezwa kwa boksi la katoni, gundi ya uji wa ngano na mkasi. Vipande 12 hadi 20 vinatosha kikundi cha watoto sita. Picha peke yake ina kasoro ileile ya mraba wa herufi, yaani macho yanafanya kazi na akili imelala. Kwa hiyo nyuma ya kila kipande andika neno moja au mawili, ili picha ikikamilika na kugeuzwa, watoto wasome aya nzima. Na tafadhali uwe mwaminifu katika picha. Mwana Kupona, mshairi wa pwani wa karne ya 19, hatuna picha yake. Kwake panga ramani ya kisiwa cha Pate. Kuchukua kutoka mtandaoni picha ya mwanamke yeyote wa pwani aliyejitanda na kumpa jina la Mwana Kupona ni kuwafundisha watoto jambo ambalo si kweli, nao huamini picha kuliko maneno yetu.

Mwana Kupona binti Msham mwenyewe anatupatia fumbo la kipekee, ambalo nashangaa halitumiki mara nyingi. Alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kuwa wosia kwa binti yake. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hufanana kina, na cha nne hubeba kina kimoja kinachopita katika utendi wote tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua beti tatu za mwanzo, zikate ziwe vipande 12, zichanganye, na uwaambie watoto wazipange upya kwa kusikiliza tu miisho. Watagundua kwanza vile vitatu vya mwisho, kwa sababu miisho yake inalingana, kisha watagawa vilivyobaki kwa vina. Ubeti wa tatu utawapa kazi kidogo, kwa kuwa humo neno "hadithi" linasimama pamoja na "karatasi", na silabi si ileile. Lakini ni ubeti huohuo ambao mama anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, na kwa watoto hiyo ndiyo picha itakayobaki. Kiamu chake, yaani lahaja ya Lamu, ni cha karne ya 19, kwa hiyo waandikie maana ya maneno magumu pembeni. Sehemu kubwa ya utendi inahusu mwenendo wa mke kwa mumewe, na hiyo si ya darasa la tano. Kinachotosha kwa umri huu ni kujua kwamba mwanamke wa pwani yetu, zaidi ya miaka 160 iliyopita, alikuwa na elimu na uwezo wa kutunga kazi ambayo bado inasomwa. Utendi huo uliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kwa vile uko Tanga, naamini una watoto wanaokwenda chuoni jioni. Waombe hao waliandike jina lake ubaoni kwa hati hiyo, na wenzao wajaribu kulisoma kwa msaada wa jedwali la herufi. Mtoto ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono anaweza siku hiyo kuwa mwalimu wa darasa.

Mafumbo ya hesabu yatumie kidogo, mwishoni mwa kipindi. Bibi Titi alizaliwa mwaka 1926. Alikuwa na umri gani Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961? Siti alizaliwa takriban mwaka 1880. Je, tunaweza kusema kwa hakika umri wake alipokwenda Bombay? Swali hili la pili linapendeza kuliko la kwanza, kwa sababu jibu sahihi ni "takriban miaka 48", na neno "takriban" ndilo somo lenyewe.

Sasa niseme kuhusu uandishi wa vidokezo, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi wenye nia njema wanapoteleza. Kidokezo cha kwanza kibaya ni kile kinachomtambulisha mwanamke kwa mwanaume: mke wa fulani, mama wa fulani, binti wa fulani. Taytu Betul alikuwa mke wa Menelik II, mfalme wa Ethiopia, ni kweli, lakini ukimwambia mtoto hivyo kwanza, atamkumbuka Menelik. Kidokezo cha pili kibaya ni kile chenye sifa tupu, kama "jasiri", "hodari", "shujaa wa Afrika", kwani sifa hizo zinaweza kubandikwa kwa yeyote. Cha tatu, ambacho na mimi hunishinda mara nyingine, ni kile cha "mwanamke wa kwanza". Kina faida yake, na nimekitumia hapo juu kwa neno AFRIKA, lakini kikirudiwa katika kila kidokezo, mtoto anabaki na dhana kwamba kazi ya wanawake hawa ilikuwa kufika mahali, wala haambiwi walifanya nini walipofika. Kanuni yangu ni kwamba kila kidokezo kisimame juu ya kitenzi: aliandika, alikataa, alivuka, alitoroka, aliotesha, aliimba. Pitia vidokezo vyako, pigia mstari vitenzi, na kile kisicho na kitenzi cha mwanamke mwenyewe kiandike upya.

Kanuni hiyo ndiyo pia jibu langu kuhusu wavulana. Pingamizi lao, kwa kadiri ninavyoliona, linatokana na namna tunavyotangaza: tunaingia darasani tukisema "leo tutajifunza wanawake", nao wanaelewa kwamba wao wamealikwa kama watazamaji. Usitangaze. Anza na tatizo, na jina lije mwisho. Kwa mfano, waambie hivi: ni Januari mwaka 1896, askari wa Italia wamejifungia ndani ya ngome ya mawe huko Mekelle, na jeshi la Ethiopia limeizingira. Kila linaposhambulia kuta linapoteza watu wengi. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Chora ngome ubaoni, chora na chemchemi nje ya kuta, wala usiseme lolote juu ya chemchemi hiyo. Wavulana wataleta mizinga, ngazi na mahandaki. Atakuwepo mmoja, msichana au mvulana, ambaye mwishowe ataitazama ile chemchemi na kuuliza kama waliomo ndani wana maji. Hapo ndipo uwaambie kwamba shauri la kukamata chemchemi linahusishwa na Taytu Betul, na kwamba baada ya siku kadhaa za kiu ngome iliachwa. Sidhani kama mvulana aliyehangaika na tatizo lile kwa robo saa atasema ni somo la wasichana. Vikundi viwe vya mchanganyiko daima; kamwe usiwashindanishe wasichana dhidi ya wavulana katika mada hii.

Utakutana pia na mambo mazito, na watoto watayauliza. Siti alipozaliwa aliitwa Mtumwa, na jina hilo lilibeba historia ya familia yake. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata baadaye. Bibi Titi alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa huru mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Usiyafanye haya kuwa mafumbo, kwani kifungo na utumwa si vitu vya kukisia kwa shangwe. Yakiulizwa, yajibu kwa sentensi moja au mbili za kweli na uendelee. Mtoto anayefichwa jambo na kulikuta ukubwani huanza kutilia shaka hata yale mengine uliyomwambia.

Kujua kama wamejifunza, usiwapime siku ya pili kwa fumbo lilelile, maana watakuwa wamekariri mahali pa jibu. Subiri wiki moja, kisha waambie kila kikundi kitunge kitendawili kipya cha mwanamke mmojawapo, kwa sharti kwamba wasitumie kidokezo chochote ulichowapa wewe. Kikundi kinachoweza kufanya hivyo kimemjua mtu. Baadaye watunge kimoja cha mwanamke wa mtaani kwao aliye hai, mkunga, mfinyanzi, mwanzilishi wa kikoba au mwalimu mstaafu, baada ya kwenda kumuuliza yeye mwenyewe mambo matatu aliyoyafanya maishani na kumwomba ruhusa ya kumtega darasani. Ikiwezekana, mwalike siku ya kutegwa, akae nyuma ya darasa asikie watoto wakimtafuta.

Kuhusu idadi, majina kumi kwa kipindi kimoja ni mengi mno. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, chukua wanawake sita kwa muhula mzima, kila mmoja apewe vipindi viwili, na uanze na Siti, kwa kuwa darasa lako lina deni lake. Wiki ijayo ingia na chungu mkononi, kiweke mezani, useme "Kitendawili!", na usimtaje mtu yeyote mpaka wao wenyewe wafike Bombay.